Kipimo Kilichovaa Katambuga

Kwenye sherehe yangu ya kustaafu mlinipa saa ya ukutani, kana kwamba miaka yote ile nilikuwa nachelewa kazini. Ahsanteni. Nimeitundika jikoni na sasa wali wangu unaungua kwa wakati. Lakini tangu siku ile simu yangu haipoi. Mnataka kujua yule mama mrefu aliyefika mwishoni, akanikabidhi kipande cha tairi kilichofungwa kwenye gazeti, ni nani, na kwa nini mie mtu mzima nililia mbele ya wageni waalikwa mpaka mshereheshaji akapunguza muziki. Mmoja wenu kafika mbali, anasema ile ni dawa ya kienyeji. Si dawa. Nitawaeleza, ila naanzia mwanzo, maana ninyi watu wa stoo wa siku hizi mnapenda kuanzia mwisho, ndiyo sababu mipira inawapotea.

Mie ni mtoto wa Gerezani, mtaa jirani na Kariakoo. Chuo chetu cha ualimu cha wasichana kilikuwa hatua chache kutoka kwetu, kwa hiyo nilipopata kazi pale sikuwa na kisingizio cha usafiri. Niliajiriwa kufagia. Nilifagia miezi mitatu, halafu Mzee Kondo, mtunza stoo ya michezo, akaomba mtu wa kumsaidia kwa sababu mgongo ulikuwa umemgomea. Wakanitoa mie, nadhani kwa kuwa nilikuwa nafagia huku naongea. Siku ya kwanza Mzee Kondo alinimwagia sakafuni neti ya mpira wa wavu iliyojiviringa, akaniambia niifungue, akaenda zake kwenye kahawa na bao. Alirudi adhuhuri. Nilikuwa nimefungua upande mmoja na kufunga pande tatu, na kidole changu kimoja kilikuwa ndani. Hakunisaidia. Alivuta kiti, akacheka mpaka akakohoa, ndipo akanionyesha: hushiki nyuzi, unatafuta kamba ya juu, unaitundika kwenye msumari, halafu unaiacha neti ijifungue kwa uzito wake. Nimefanya hivyo mpaka nimestaafu. Bado nawaona ninyi mkivuta nyuzi.

Stoo yenyewe ilikuwa na vitu ambavyo ungeweza kuvitaja ukiwa umelala. Pampu moja na sindano zake mbili, nguzo mbili za chuma, neti, koleo, nyundo, mpira mmoja wa kuchezea na mmoja wa kutishia wageni. Na kijiti. Kijiti kile alikichonga Mzee Kondo mwenyewe kwa mti wa mninga, kirefu kuliko mtu, kina alama mbili zilizokatwa kwa kisu. Ya juu ni ya neti ya wanaume. Ya chini ni ya wanawake, mita mbili na sentimita ishirini na nne, si zaidi si pungufu. Unakisimamisha katikati ya uwanja, unainua neti mpaka utepe mweupe wa juu uguse alama, unafunga kamba, kazi imekwisha. Mzee alikuwa na amri mbili tu. Ya kwanza, neti hailali nje. Ya pili, kipimo hakirembwi. Ya kwanza niliielewa, maana neti ikilala nje Gerezani, asubuhi unaikuta sokoni Mchikichini inauzwa kama chandarua. Ya pili nilidhani ni uzee. Alipostaafu akaenda zake Maneromango kulima mihogo, akaniachia funguo na kijiti, akaniambia nisikipende sana. Nikasema sawa mzee, nikaanza kukipenda.

Mlioingia juzi hamwezi kujua tulivyokuwa. Mpira ukipasuka tuliupeleka Buguruni kwa fundi viatu, ukarudi na mishono mingi hata ukirushwa unaenda unakotaka wenyewe. Kamba tuliomba kwa Bwana Vasant, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa pili, ambaye rafu zake zilikuwa tupu kiasi kwamba kazi yake kubwa ilikuwa kufuta vumbi kwenye mbao. Halafu ikaja ruksa, serikali ikaacha kila mtu aingize bidhaa. Jamani, ruksa! Wiki hii huna mpira, wiki ijayo kuna mipira ya kila rangi mpaka nje ya msikiti, na mingi ilipasuka kabla hujamaliza kumshukuru Mungu. Bwana Vasant akajaza duka mpaka yeye mwenyewe akawa anakaa barazani. Jezi tulizitoa Mchikichini kwenye mitumba. Nilipata kumi na mbili za bluu zinazofanana, zimeandikwa kifuani maneno ya lugha ambayo hata mwalimu wa Kifaransa alikataa kuijua. Namba zilikuwa za thelathini huko na sabini, na sheria ya wavu haitaki namba kubwa, kwa hiyo fundi akafumua na kushona upya, na kila mchezaji akabaki na kivuli cha namba ya Mzungu fulani mgongoni.

Ruksa ilileta pia majirani. Nyumba ya udongo iliyokuwa nyuma ya stoo ilivunjwa, ikajengwa ghorofa, msingi ukainuliwa, na masika ya kwanza maji yote ya mtaa yakaamua kupita kwangu. Niliokoa neti, nikaokoa mipira, nikasahau kijiti kilichosimama kona. Nilipokitoa, ncha ya chini ilikuwa imelainika na mchwa wameanza kuionja pembeni. Niliumia kama nimeangusha mtoto wa mtu. Nikakibeba mpaka kwa fundi wa katambuga, wale wanaokata viatu kwa matairi, nikamwambia akivishe. Akakata tabaka mbili za tairi la lori, unene wa vidole viwili, akazipigilia chini ya ncha kwa misumari, akazichonga duara. Kilipendeza kweli. Kikisimama hakitelezi, na maji hayakigusi. Niliwaonyesha wapishi, nikamwonyesha mlinzi, hata mkuu wa chuo nilimwonyesha, akasema ni ubunifu. Wenye akili mmeshaelewa nilichofanya. Mie ilinichukua misimu miwili ya mvua.

Katika misimu hiyo ndipo alipokuja Tausi. Alitoka Newala, mrefu wa kuinama mlangoni, mpole mpaka ashike mpira. Mwaka wake wa pili akawa nahodha. Alikuwa na mazoea yake: kabla ya mazoezi anasimama chini ya neti, ananyoosha mkono, anaangalia utepe unamgusa wapi, kisha ananiambia, "Iko sawa, Bi Mwana." Namjibu lazima iwe sawa, mie si mpishi wa bweni wa kukadiria kwa macho. Timu ilikuwa inaruka kupita kiasi. Mwalimu Benadeta, kocha wao, aliwapandisha ngazi mbiombio asubuhi na jioni kwa sababu aliona hawafiki juu ya neti vizuri, na hakuna aliyejiuliza kwa nini wasichana wenye miguu kama ile wafike kwa shida. Tulilaumu maharage.

Sasa uwanja. Ulikuwa wa udongo, umepakana na barabara, na ukisimama pale unasikia Kariakoo nzima inapiga kelele. Mwenyekiti wa bodi ya chuo aliuangalia siku moja akaona kitu ambacho sisi hatukukiona: fremu za maduka. Wakati ule kila mwenye ukuta unaotazama barabara alikuwa anautoboa. Alileta mafundi, wakapigilia vigingi pembeni ya mstari wangu wa chokaa. Nikaving'oa. Wakavipigilia tena, nikaving'oa tena, mpaka mkuu wa chuo akaniita ofisini. Mama yule alikuwa mkali kwa mdomo lakini aliupenda wavu, aliwahi kuucheza ujanani. Alibishana na bodi mpaka mwenyekiti akasimama mbele ya wanafunzi wote, mikono mfukoni, akasema kwamba mashindano ya taifa ya vyuo mwaka ule yanafanyika hapahapa Mnazi Mmoja, basi kombe la wanawake likija chuoni, uwanja unabaki. Lisipokuja, tuache utoto, tuweke fremu. Wasichana walipiga makofi. Mie sikupiga. Uwanja ule nilikuwa nauchora chokaa kila Jumatatu kwa miaka kumi na mbili, hata shimo moja sikulijaza bila kulitukana kwanza.

Vyuo vilikuja kutoka kila pembe ya nchi, wasichana wakalala kwenye madarasa yetu, wakamaliza maji ya bomba la mtaa mzima. Kazi yangu ilikuwa neti. Mnazi Mmoja ni njia ya kila mtu. Kuna anayekatiza kwenda Kariakoo na gunia la vitunguu kichwani katikati ya mchezo, na ukimwambia apishe anakuuliza uwanja ni wa baba yako. Kila jioni tunang'oa nguzo, kila asubuhi tunazisimika upya na mwamuzi mkuu anapima. Alikuwa mtu mwembamba, suruali nyeupe yenye mkunjo wa kukatia mkate, na kipimo chake kilikuwa futi ya chuma ya kujikunja, kitu kipya, alichokificha mfukoni hata wakati wa kula.

Siku ya kwanza akapima kwa futi yake, mchezo ukaanza, wasichana wangu wakaruka, wakapiga, na mpira ukaenda barabara ya Lumumba. Wa pili ukaangukia birika la muuza kahawa. Wa tatu sijui ulikwenda wapi, tuliletewa kesho yake. Tulishindwa seti tatu mfululizo na timu ambayo tuliizidi kimo, nguvu na hata kelele. Tausi akanijia anahema, akasema neti ya hapa iko chini. Nilimjibu mbele ya watu kwamba neti haiko chini, ni yeye kaja mjini akanenepa kwa chipsi za Kariakoo. Wenzake wakacheka, na yeye akacheka. Mungu anisamehe.

Kesho yake walishazoea. Wakapunguza nguvu, wakashusha mikono, na baada ya hapo hakuna chuo kilichowaweza. Walishinda mechi zote zilizobaki, mpaka wauza karanga wakawa wanawajua kwa majina. Fainali ikawa Jumapili, dhidi ya chuo kimoja cha nyanda za juu, wasichana wafupi wenye pumzi ya kupandia milima. Roho ya timu yao ilikuwa mpandishaji, yule anayewainulia wenzake mpira ili wapige: kabinti kadogo, jezi imekafika magotini, lakini mikono yake ilikuwa na akili kuliko bodi yetu yote.

Jumapili asubuhi futi ya mwamuzi ikawa haipo. Aliiweka mezani, akainama kufunga kamba za viatu, akainuka. Mnazi Mmoja hauhitaji muda zaidi ya huo. Maduka yamefungwa, mgeni rasmi yuko njiani, mwenyekiti wetu wa bodi kashakaa chini ya turubai na soda yake. Mwamuzi akauliza kama wenyeji wana kipimo. Nani, mie? Nilikimbia chuoni, nikarudi na kijiti begani, kifua mbele. Mwamuzi alikigeuzageuza, akausifu mti, akakisifu na kiatu, akakisimamisha katikati. Tukainua neti mpaka alama ya wanawake, tukafunga kamba, akatia sahihi kwenye karatasi yake.

Tausi akaja chini ya neti, akanyoosha mkono. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akanigeukia.

"Bi Mwana," akasema, "leo neti imerudi nyumbani."

Akaenda kupasha misuli. Mie nikabaki nimeshika nyundo. Nikakiangalia kijiti, nikakiangalia kiatu chake, vidole viwili vya tairi la lori, na alama zote mbili zimepanda navyo. Nikakumbuka ngazi za asubuhi na jioni, birika la muuza kahawa, na zile chipsi nilizomsingizia mtoto wa watu. Misimu miwili tulikuwa tunachezea neti iliyopanda, na aliyeipandisha ni mie. Kipimo hakirembwi. Nilimsikia Mzee Kondo kama yuko nyuma yangu na kikombe chake cha kahawa.

Nitawaambia ukweli, maana mmezoea wastaafu wanaojisifu. Nilinyamaza. Filimbi ikapigwa, nikanyamaza. Nilijiambia neti ni moja na timu zote zinaichezea. Nilijiambia vidole viwili ni kitu gani. Nilijiambia wenye makosa ni mchwa. Wenzetu wa nyanda za juu wakapiga, na kila mpira ukagonga utepe ukawarudia. Wasichana wetu wakaruka kama walivyoruka nyumbani kila siku, wakapiga chini kama wanatwanga. Seti ya kwanza ikawa yetu, kumi na tano kwa nne. Mwenyekiti aliacha kunywa soda, uso umemshuka. Niliufurahia uso ule, wallahi niliufurahia, na papo hapo nikajichukia.

Yule mpandishaji mdogo akamwendea mwamuzi, mikono nyuma, akaomba kwa adabu neti ipimwe tena. Mwamuzi akachukua kijiti changu, akakisimamisha, alama ikagusa utepe. Akamwonyesha. Binti akaiangalia neti, kisha akaiangalia mikono yake, akawarudia wenzake. Mie nilikuwa nimekaa juu ya sanduku la vifaa, karibu nao kabisa.

"Neti iko sawa," akawaambia. "Basi ni sisi tumepungua."

Angetukana ningevumilia. Angesema watu wa Dar ni wezi ningemjibu, tena ningemjibu vizuri. Lakini mtoto kujilaumu kwa sababu ya kiatu changu! Niliinuka. Nikamwambia mwamuzi kipimo kina kosa, kosa ni langu, na anipe kijiti nimwonyeshe. Nikakaa chini palepale kwenye mstari, nikachukua koleo, nikang'oa misumari mmoja mmoja, nikakivua kijiti kiatu mbele ya taifa zima. Halafu mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti kama kijiti kinaingia msikitini, na uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko.

Mwamuzi hakucheka. Akasema hakiamini tena kijiti, wala kiatu, wala mie. Bwana Vasant alikuwa pale na mkewe na wanawe kutazama fainali. Akaenda kufungua duka lake siku ya mapumziko, akarudi na futi mpya ambayo haijatolewa kwenye plastiki. Wakakipima kijiti bila kiatu, kikawa sawasawa. Bwana Vasant akatangaza kwamba kijiti ni kizuri, mbaya ni fundi viatu, na nikamshukuru kwa uongo wake. Neti ikashushwa. Seti ya kwanza ikafutwa, mchezo ukaanza upya. Mkuu wa chuo alikuwa amejifunika uso kwa ratiba ya mashindano. Mwenyekiti akaagiza soda nyingine. Nilipita mbele ya Tausi nikitaka kusema neno, akanitazama mara moja tu, na sijawahi kutazamwa vile na mtu niliyemzidi umri.

Msidhani walicheza vibaya. Wiki nzima walikuwa wameizoea neti ya haki, kwa hiyo ilikuwa mechi ya wanaume, kama walivyosema wanaume waliokuwepo, ambao hawakuwahi kucheza hata nage ya watoto. Seti mbili kwao, mbili kwetu. Seti ya tano tulikwenda bega kwa bega mpaka wao kumi na nne, sisi kumi na tatu. Tausi akapiga mpira wa kuvunja mkono, ukaokolewa. Akapiga mwingine, ukaokolewa. Halafu mpira ukamjia yule mpandishaji karibu na neti, na kila mtu akajua atamwinulia mwenzake. Hakumwinulia. Aliusukuma kwa ncha za vidole, ukapanda, ukagusa utepe, ukasita pale juu, kisha ukaanguka upande wetu. Ungeirudisha neti juu vidole viwili, ungeangukia kwao. Kila aliyekuwepo aliliona hilo, na wengi walinigeukia kuhakikisha kwamba na mie nimeliona.

Nilikusanya nguzo nikazipakia kwenye mkokoteni. Kile kiatu sikukiona, nikadhani kimeokotwa na wapita njia. Kabla mwezi haujaisha vigingi vilirudi, na safari hii sikuving'oa. Fremu zikajengwa. Ya kwanza iliuza mablanketi, ya pili kanda za muziki, na pale hasa ilipokuwa nguzo yangu ya kushoto akawekwa jamaa wa kuchonga funguo. Nilipita kila siku, na kila siku aliniuliza kama nina funguo ya kuchonga.

Nilikwenda Maneromango kumwona Mzee Kondo. Nilimsimulia yote, na nilipofika kwenye tairi alicheka mpaka akakohoa, kama siku ile ya neti. Kisha akaniuliza jambo moja tu, kama nilikivua mbele ya watu au kwa kificho. Nikamwambia mbele ya watu, tena wakanicheka. Akasema basi nikae nile mihogo. Nilikula. Ilikuwa mitamu, lakini haikunisaidia.

Kwa sababu ya Tausi. Alimaliza masomo mwaka uleule. Siku ya kuondoka alikuja stoo kurudisha jezi namba saba, akaiweka mezani imekunjwa, akasema shikamoo, nikasema marahaba, akatoka. Hiyo marahaba nilitembea nayo miaka mingi. Wenzake waliomfuata tukawahamishia Mnazi Mmoja, na kila jioni nilisukuma mkokoteni wenye nguzo, neti na kijiti pekupeku, kwenda na kurudi, mpaka mlipokuja ninyi mkakuta gari dogo mkalalamika halina redio. Nikiwa nasukuma nilikuwa namuwaza. Nilijua nimemnyang'anya kombe na uwanja. Nilijua pia ningefanya vilevile tena. Mambo hayo mawili hayakupatana kichwani mwangu hata siku moja.

Sasa ile sherehe. Mlimwona Tausi alivyoingia, kainama mlangoni kama zamani, mvi mbili tatu, suti ya kitenge. Nilikuwa nimesikia kwa watu kwamba ni mwalimu mkuu huko kwao kusini. Alipofungua lile gazeti nilikijua kiatu changu kabla sijakishika, misumari miwili bado imo. Ninyi mlicheka. Hamkusikia alichosema kwa sababu aliniinamia sikioni. Alianza kwa mzaha, akasema alikiokota siku ile ili anipige nacho, akakosa nafasi, na tangu hapo kimekuwa kinazuia mlango wa stoo ya michezo shuleni kwake. Kisha akaniwekea mkono begani.

"Bi Mwana, mimi nilijua kabla yako," akasema. "Nilivyonyoosha mkono tu, nikajua. Nilikwambia neti imerudi nyumbani ili na wewe ujue, tunyamaze wote wawili."

Na mie miaka yote nilidhani lile jicho lilikuwa la kunichukia. Kumbe mtoto wa watu alikuwa anaona aibu, akaibeba peke yake mpaka Newala na kurudi, pamoja na kile kipande cha tairi. Hapo ndipo nililia, na si kwa sababu ya keki yenu, ingawa nayo ilistahili.

Haya, mmejua. Kijiti kiko nyuma ya mlango wa stoo, mkono wa kulia. Ncha ikioza chongeni kingine, kipimeni kwa futi, na msikivishe kitu. Tairi liko kwangu. Mlango wa jikoni ulikuwa unajibamiza kila upepo ukivuma, sasa umetulia, na saa yenu naisikia vizuri.